Kura za wachezaji kuamua gemu ipi iingie dukani: zipangwe vipi zisichakachuliwe?

Zabibu Mbichi, Makole

Wakuu, habari za jioni.

Tuna duka la mtandaoni la gemu za Android zinazotengenezwa hapa nchini. Tuko watatu, malipo ni kwa pesa za simu, bei nyingi ni kati ya sh. 1,000 na 5,000. Maombi yamefika 43, na kila moja linakula saa mbili za ukaguzi. Foleni haisogei.

Tumewaza hivi: kila gemu iwekewe ukurasa wenye picha na video fupi, mchezaji athibitishe namba yake kwa SMS, kisha apige kura ya ndiyo au hapana. Ndiyo zikifika 300, gemu inaingia dukani.

Hiyo 300 ina maana yoyote? Wenye laini mbili tatu tunawadhibiti vipi? Na gemu inayofundisha watoto hesabu kwa Kigogo itazitoa wapi kura 300 ikishindana na mbio za bajaji? Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa.

Mtumba Saba

Mkuu, hilo limeshajaribiwa na wakubwa. Valve, wenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walifungua mfumo wa kura wa Steam Greenlight tarehe 30 Agosti 2012, muundo ukikaribiana sana na wenu: ukurasa, picha, video, na swali kama ungeinunua gemu hiyo ingekuwepo Steam. Siku chache tu pakajaa utani na gemu hewa, ikabidi waweke ada ya dola 100 kwa mtengenezaji, pesa ikienda kwa shirika la hisani la Child's Play. Gemu kumi za kwanza zilipitishwa tarehe 11 Septemba mwaka huohuo, zikiwemo Project Zomboid, McPixel, Kenshi na Towns.

Hizo mbili za mwisho zina funzo kwenu. Kenshi ilikamilika Desemba 2018, miaka sita baada ya kupitishwa. Towns iliuzwa ikiwa bado inajengwa, na mwaka 2014 ujenzi ukasitishwa kabla ya kufika mwisho. Watu walipigia kura ahadi. Kwa hiyo msifungue kura kwa kitu kisichochezeka. Dai demo ya dakika 10 hadi 15, isizidi MB 40 kwa ajili ya bando, na kitufe cha kura kifunguke mtu akishacheza dakika tano. Muda uhesabiwe ndani ya demo yenyewe. Ukurasa mtu anauacha wazi anaenda kusonga ugali.

Pili, kura ikiwa ndiyo mlango, mlango utauzwa. Greenlight kulikuwa na watengenezaji waliogawa nakala za bure kwa wapiga kura wa ndiyo, na kura za namna hiyo zinakuonyesha wapenda bure, basi. Kwetu itakuwa "pigia gemu yangu nikurushie MB 500". Liandikeni kwenye masharti mapema: zawadi kwa kura, ombi linafutwa.

Sasa hiyo 300. Namba isiyobadilika haifai. Mkiwa na wapiga kura 400 ni mlima; mkifika 20,000 ni darasa moja la UDOM na binamu zao. Ondoeni kizingiti, wekeni nafasi: kila Ijumaa gemu nne za juu zinaingia kwenye ukaguzi. Nimesema kwenye ukaguzi, sijasema dukani. Kura ipange foleni yenu, isishike ufunguo wa duka.

Dada wa Seva, Kizota

Naongezea upande wa kanzidata, maana uchakachuaji mwingi hauhitaji hata ujanja.

Namba moja ya simu ina sura tatu: inaanza na 0, na 255, na +255. Akiweka nafasi au vistari katikati, sura zinaongezeka. Mkihifadhi alivyoandika, laini moja inapiga kura tatu na mfumo unaona watu watatu. Ondoeni kila kisicho tarakimu, 0 ya mwanzo igeuzwe 255, hakikisheni zimebaki tarakimu 12, ndipo SMS itumwe. Wekeni pia kikomo cha SMS tatu kwa namba kwa saa, la sivyo mtu mmoja mwenye hasira atawamalizia salio lote usiku mmoja.

Sharti la "kura moja kwa kila gemu" liwe ndani ya kanzidata, kwenye jozi ya mpiga kura na gemu. Likiwa kwenye msimbo wa programu peke yake, mtandao ukikwama na mtu akabonyeza mara mbili, maombi mawili yanafika pamoja. Kila moja linauliza "ameshapiga?", yote mawili yanajibiwa "bado", kura mbili zinaingia.

Msihifadhi namba wazi kando ya kura. Na SHA-256 tupu, ile njia ya kugeuza namba kuwa alama ndefu isiyosomeka, haitoshi: namba zetu za simu zinaanza na 6 au 7 baada ya 255, kisha tarakimu nane, yaani zinazowezekana ni milioni 200 tu. Kompyuta ya kawaida inazimaliza zote kwa dakika chache. Tumieni HMAC, yaani alama ya aina hiyohiyo iliyochanganywa na ufunguo wa siri, na ufunguo huo ukae nje ya kanzidata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata mkiwa watatu.

Jambo moja msifanye kabisa: kuzuia kwa anwani ya IP. Mitandao ya simu inapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na hosteli nzima ya chuo hutokea kwenye Wi-Fi moja. Mtawafungia wapiga kura halali, huku mwenye laini sita akizima data na kuiwasha, anapata anwani nyingine. Tazameni mwendo. Kura 60 za ndiyo kwa gemu moja ndani ya dakika 20, zote kutoka akaunti za siku hiyohiyo ambazo hazijagusa gemu nyingine yoyote, hiyo ni harambee ya ukoo. Msizifute. Zisimamisheni siku saba, zihesabiwe kwa akaunti zitakazokuwa zimecheza angalau demo mbili nyingine.

Laini mbili kwa mtu mmoja hamtaziweza, ni maisha ya kawaida. Punguzeni faida yake: kura tatu kwa akaunti kwa wiki, zisizolimbikizwa.

Mwisho, ukurasa nao unapiga kura. Gemu inayoongoza ikikaa juu itazidi kuongoza kwa sababu tu iko juu. Changanyeni mpangilio kila mtu anapofungua, na jumla zifichwe mpaka Ijumaa.

Zabibu Mbichi, Makole

Asanteni sana, hiyo ya sura tatu za namba nimeenda kuangalia, na kweli tunahifadhi ilivyoandikwa. Sasa kupanga: tunatumia asilimia ya ndiyo. Gemu yenye ndiyo 9 kati ya kura 10 ikae juu ya yenye 80 kati ya 100?

Dada wa Seva, Kizota

Isikae juu, kaka. Kumi ni wachache mno, huenda ni ndugu wa mtengenezaji. Tumieni kikomo cha chini cha Wilson, ambacho kinauliza: kwa ushahidi uliopo, asilimia halisi haiwezi kuwa chini ya ngapi? Kwa uhakika wa asilimia 95, hiyo 9 kati ya 10 inapata 0.60, na 80 kati ya 100 inapata 0.71. Fomula ni mstari mmoja wa msimbo. Asilimia tupu inampa zawadi mwenye kura chache za ndugu, na jumla ya ndiyo inampa anayepiga kelele zaidi.

Bahi Road

Mnajitesa bure. Valve wenyewe waliifunga Greenlight tarehe 6 Juni 2017, na wiki moja baadaye wakaleta Steam Direct: dola 100 kwa kila gemu, unarudishiwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Walifikiria hata kufika dola 5,000 wakaishia 100. Fanyeni hivyohivyo. Amana ya sh. 20,000, irudi mauzo yakifika 200,000. Asiye na nia hatalipa, foleni itapungua yenyewe.

Mtumba Saba

Amana naiunga mkono nusu. Inachuja mzaha, haichuji ubaya. Anayenunua seti ya gemu iliyokwisha tengenezwa, akabadilisha rangi na jina akaipakia, sh. 20,000 kwake ni gharama ya biashara. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyejenga kitu chake mwenyewe ndiye itakayemuuma. Sh. 5,000 inatosha kuzuia utani.

Na tusiseme kura hazikuona kitu. Walipotangaza kuiondoa, Februari 2017, Valve walieleza kwamba zaidi ya gemu 100 zilizopitia Greenlight zilikuwa zimeingiza angalau dola milioni moja kila moja.

Ila mpiga kura asitozwe. Litakuja wazo la "kura ya sh. 500 itakayogeuka punguzo". Mkianza kushika salio za watu mnaingia kwenye Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na ninyi ni duka la gemu.

Mwana wa Singida

Mmeikimbia gemu ya Kigogo.

Kura ya wote haiwezi kumsemea mteja wa wachache. Wanaopiga kura kwenye duka la gemu wengi ni vijana. Anayeinunulia familia gemu ya hesabu ni mama mwenye watoto wawili darasa la kwanza, na yeye hata ukurasa wa kura hajui uko wapi. Kwa hiyo katika nafasi nne za Ijumaa, mbili ziende kwa kura za jumla. Ya tatu izunguke kwa makundi: wiki hii elimu, wiki ijayo mafumbo, inayofuata bao na karata, na humo gemu zishindane zenyewe kwa zenyewe. Ya nne iwe yenu, mnaichagua bila kura, na mnaandika sentensi mbili hadharani kwa nini. Bila hizo sentensi mtaambiwa mnapendelea, na hamtakuwa na jibu.

Swali la kura nalo mlibadilishe. "Unaipenda?" kila mtu anasema ndiyo, adabu. Ulizeni: "Ikiuzwa sh. 2,000, utanunua mwezi huu?" Kisha fuatilieni. Siku 60 baada ya gemu kuingia, hesabuni waliosema ndiyo na wakanunua kweli. Gemu ya kwanza ikipata 12 kati ya 200 na ya pili 40 kati ya 90, mnajua kura za ipi zilikuwa za urafiki. Kwa hilo mtahitaji alama ileile ya HMAC kwenye malipo, kwa hiyo mwombe mchezaji ridhaa tangu mwanzo, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Mkaguzi wa Faili, Nkuhungu

Ukaguzi wa saa mbili ugawanyeni. Dakika 20 kabla ya kura, iliyobaki baada ya kura, kwa zile nne tu. Mkiweka demo isiyokaguliwa mbele ya umma ni ninyi mmewapa watu virusi, si mtengenezaji.

Katika hizo dakika 20, angalieni kwanza ruhusa zinazoombwa. Gemu ya mbio za bajaji inayotaka kusoma SMS irudishwe hapohapo. Kwenye SMS ndiko zinakopita namba za uthibitisho na ujumbe wa pesa za simu. Hali kadhalika ruhusa ya kuchora juu ya programu nyingine. Kisha zimeni data kabisa muifungue: gemu ya mchezaji mmoja isiyofunguka bila mtandao iulizwe inawasiliana na nani. Ijaribuni kwenye simu ya RAM GB 2, siyo ya bosi, kwa dakika kumi mfululizo. Nyingi zinaanguka dakika ya saba au ya nane kumbukumbu ikijaa, na kwenye video hilo halionekani.

Faili la gemu likifunguliwa kama zip, soma majina ya ndani. Seti za kununuliwa mara nyingi hubaki na majina ya mifano ya muuzaji na picha zisizotumika popote. Seti kununuliwa si kosa, muulize tu alichoongeza ni kipi.

Halafu kitu ambacho wengi wanasahau: andikeni alama ya cheti kilichotia saini demo, yaani saini ya kidijitali ya mtengenezaji. Toleo kamili likija na cheti kingine, simu zenye demo ya jina hilohilo zitakataa kusasisha, na mtapokea malalamiko ya "haiinstoo" wiki nzima. Au mwambieni tangu mwanzo demo iwe na jina lake tofauti la kifurushi, lile ambalo Android hutambulia programu.

Zabibu Mbichi, Makole

Cheti hatukuwahi kukiandika hata kimoja. Zile 43 tunaanza upya Jumatatu, dakika 20 kila moja. Mkaguzi, RAM GB 2 na Android toleo gani la chini?

Mkaguzi wa Faili, Nkuhungu

Msibahatishe. Chukueni rekodi za seva za siku 90, muone simu za wanunuzi wenu zina matoleo gani. Lile la chini kabisa lenye angalau asilimia 5 ya wanunuzi ndilo la kujaribia.