Diski ya nje ipi inafaa kwa laptopu ya mwaka 2011?

Mwalimu wa Korogwe

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatumia laptopu aina ya Dell Latitude E6420, ambayo niliinunua ikiwa imekwishatumika, na bado inanitosha kwa kazi zote za shule. Diski yake ya ndani ya gigabaiti 320 imejaa picha na video za mahafali, michezo na maonyesho ya sayansi ya wanafunzi, kiasi kwamba kila ninapotaka kuhifadhi kitu kipya hunibidi nifute cha zamani, na jambo hilo linaniuma sana. Ninahitaji diski ya nje ya terabaiti 1 au 2. Matundu ya USB ya laptopu yangu ni ya zamani, yaani USB 2.0, na betri imekufa kabisa, hivyo ninategemea umeme wa ukutani. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue SSD, yaani diski inayohifadhi kwenye chipu, kwa kuwa ina kasi zaidi. Mwingine ana diski ndogo iliyoandikwa terabaiti 16, tena kwa bei ya chini kuliko ile ya kawaida ya terabaiti 1. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha.

Fundi wa Ilala

Mwalimu, heshima yako. Hiyo ya terabaiti 16 iache huko huko dukani. Diski kubwa kuliko zote za kuzunguka za inchi 2.5, zile zenye sahani inayozunguka ndani na zinazoingia mfukoni, ni za terabaiti 6, na SSD halisi ya terabaiti 16 haiwezi kuuzwa kwa bei hiyo. Ndani ya kasha la namna hiyo mara nyingi hukutwa kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ili kompyuta isome ukubwa wa uongo. Utanakili mafaili yako, majina yake utayaona yote, lakini kadi ikishajaa, yanayoingia baadaye hupotea au huandikwa juu ya yale ya mwanzo, na hutagundua hadi siku utakapofungua video na kukuta haichezi.

Kuhusu kasi, kinachokuzuia ni tundu. USB 2.0 imeandikiwa megabiti 480 (sawa na megabaiti 60) kwa sekunde, lakini katika matumizi ya kawaida hupitisha kama megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Kunakili gigabaiti 300 kutachukua zaidi ya saa mbili, uwe umenunua diski ya kuzunguka au SSD ya gharama kubwa. Diski nyingi za sasa ni za USB 3.0 na zinafanya kazi katika tundu la zamani bila tatizo, ila kwa kasi ya tundu hilo.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, wakati la USB 3.0 hutoa 900. Diski ya kuzunguka inapoanza kuwaka huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache, na tundu lililochoka linaweza kushindwa: utasikia mlio wa tiki-tiki, taa itawaka na kuzimika, kisha diski itaonekana na kupotea kwenye skrini. Watu wengi hudhani kwamba diski imekufa, kumbe imekosa umeme. Kwa hiyo nenda dukani na laptopu yenyewe pamoja na chaja yake, chomeka diski kwa waya wake mfupi, nakili faili kubwa na usiondoke mpaka limalize. Ikisumbua, omba waya wenye vichwa viwili vya USB unaovuta umeme kutoka matundu mawili.

Mpigapicha wa Mwanza

Ninakubaliana na Fundi kuhusu kasi, lakini ningependa Mwalimu afikirie pia jinsi atakavyoibeba diski hiyo. Katika diski ya kuzunguka, kichwa cha kusomea huelea juu kidogo tu ya sahani inayozunguka, na ikianguka ikiwa inafanya kazi, hata kutoka mezani, inaweza kuharibika moja kwa moja. SSD haina kitu kinachozunguka. Mimi hutembea na kazi za wateja kwenye bodaboda, na kwangu usalama huo unatosha kuhalalisha bei yake.

Mwalimu wa Korogwe

Nawashukuru sana. Diski itakaa kabatini ofisini, itatoka mara chache tu. Naomba kuuliza pia: niifomati kwa mfumo gani? Mwenzangu mmoja anatumia kompyuta ya Mac, na huku kwetu umeme hukatika bila taarifa.

Fundi wa Ilala

Kama itakaa kabatini, chukua ya kuzunguka. Kwa kawaida fedha ya SSD ya terabaiti 2 inatosha diski mbili za kuzunguka za terabaiti 1, na mimi ningenunua hizo mbili, moja ikae ofisini na nyingine nyumbani zikiwa na mafaili yale yale.

Kuhusu mifumo ya kufomati, FAT32 usiitumie, kwa sababu haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na video moja ya mahafali inaweza kuzidi hapo. exFAT husomwa na kuandikwa na Windows na Mac, wakati NTFS kwenye Mac husomwa tu. Hata hivyo, kwa laptopu isiyo na betri ningechagua NTFS, kwa kuwa huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyakamilisha. Umeme ukikatika katikati, faili ulilokuwa unanakili linaweza kuharibika, lakini mpangilio wa diski nzima una nafasi nzuri zaidi ya kupona. exFAT haina kinga hiyo. Mwenzako wa Mac mpe mafaili kwa flashi.

Nakili mafungu madogo madogo, mwaka mmoja baada ya mwingine, na usifute kitu kwenye diski ya ndani kabla hujafungua video kadhaa za fungu hilo kutoka kwenye diski zote mbili.