Msaada: kupima polariti ya CT kwenye transfoma iliyokwisha kufungwa

Ukungu wa Mufindi: Wakuu, kamwene. Nipo kiwanda cha chai, transfoma ya MVA 5, 33/11 kV, CT (transfoma ndogo za kupimia mkondo) zimo kwenye bushingi, pale nyaya zinapoingia kwenye tanki. Ikiwa tupu inatulia. Mashine za kukaushia majani zikiingia, rilei ya diferensho (ulinzi unaolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka) inatripu. Nahisi CT za upande mmoja zimegeuzwa polariti, yaani mwelekeo wa mkondo. Nazipimaje hapohapo zilipo? Meneja kanikalia kooni.

Kijana wa Uyole: Shukuru bado ina mafuta. Kwetu wezi waliyanyonya usiku, eti ya kukaangia chipsi. Tukala giza, na chipsi tukaziogopa.

Mzee wa Laini: Zima, pata kibali, chomoa waya za CT kwenye rilei. Betri ya volti 12 na mita ya mshale. Chanya ya betri upande wa P1 (mkondo unapoingilia CT), chanya ya mita kwa S1 (ya kwanza kati ya ncha zake mbili za kwenda kwenye rilei, S1 na S2). Gusisha kidogo: mshale ukiruka kulia, na ukiachia ukaruka kushoto, polariti ni sahihi. Upande wa 33 ukiwa delta (koili zimeungwa pembetatu, hakuna nyutro), weka betri kati ya bushingi mbili. CT ya bushingi ya pili itakupa kinyume. Vaa glavu, koili ile ukiiachia inapiga. Umeshagusa nini?

Ukungu wa Mufindi: Sijagusa kitu.

Mzee wa Laini: Basi kiwanda kimesimama?

Ukungu wa Mufindi: Kinafanya kazi. Nilishajaribu betri, mshale ukatikisika tu, haukueleweka. Nikageuza S1 na S2 za upande wa 11, diferensho nikaizima kwa muda. Buchholz (rilei ya gesi kwenye mafuta) ipo, ovakarenti (ulinzi wa mkondo kuzidi) ipo. Majani mabichi hayasubiri mtu, yakilala ni hasara!

Mama Makambako: Ndiyo vijana hawa. Ulinzi unazimwa ili bosi acheke. Ikiungua utasema ni upepo.

Chipukizi Iringa: Kiwanda cha chai, na stori yenyewe chai. Huyu mwanachuo, tunamfanyia asaimenti.

Ukungu wa Mufindi: Mwanachuo gani? Njoo uone boksi lilivyojaa vumbi la majani. Lebo ya S2 ya fezi ya njano imefutika, nimeiandika upya kwa peni.

Kijana wa Uyole: Kwa peni? Sasa naamini.

Mzee wa Laini: Mwacheni. Ulipogusisha betri upande wa 33, bushingi za 11 ulizipiga shoti?

Ukungu wa Mufindi: Shoti ya nini tena, mzee wangu?

Mzee wa Laini: Ndiyo maana. Upande wa pili ukiwa wazi, koili inauzuia mkondo usipande haraka, mshale hauna cha kuonyesha. Unganisha zote tatu za 11, rudia. Ukimaliza toa usumaku uliobaki kwenye CT, usije ukatripu bure ukiwasha. Au fanya jaribio kubwa: shoti hiyohiyo, volti 400 fezi tatu upande wa 33. Impidansi (ukinzani wa transfoma) ikiwa 7%, utapata kama ampia 15 huko na 45 upande wa 11. Rudisha waya za rilei, pima mkondo wa diferensho. Ukikaribia sifuri, umepata.

Ukungu wa Mufindi: Asante mzee. Meneja anasema kuzima ni Jumapili. Diferensho ibaki hivyo mpaka hapo?

Mzee wa Laini: Hapana. Nipe namba ya huyo meneja PM.

Chipukizi Iringa: Naweka kiti hapa. Jumapili picha ya mshale, la sivyo ni chai.