Utangulizi wangu wa ukurasa wa gemu la San Andreas umefutwa, na chanzo kimewekwa "kila mtu anajua"!!!

Mtoto wa Mabatini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nimefungua simu dakika kumi zilizopita na mpaka sasa mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukana mjue ni hasira.

Yule jamaa. Nyie wa ile wiki yetu ya magemu, ile tovuti ambayo yeyote anaweza kuhariri ukurasa, mnamjua, simtaji, modi wasije wakafunga uzi kabla sijamaliza. Yule ambaye kila ukurasa akipita ni kama kiboko katoka ziwani usiku kaingia kwenye bustani ya mchicha. Asubuhi unakuta nyayo tu. Huyo huyo.

Kafuta utangulizi wangu wa San Andreas. Aya zote tatu. Akaweka wa kwake, na pale panapowekwa chanzo, pale pale kwenye tanbihi, kaandika "kila mtu anajua".

Narudia maana naona kuna mtu anasoma huku anatafuna karanga: kwenye tanbihi! Mahali pa kuweka jina la gazeti, mwandishi na tarehe! "Kila mtu anajua"!

Utangulizi ule nimeuandika wiki tatu. Huku kwetu mlimani kwenye mawe mtandao unaupata dirishani tu, tena ukiegemea upande wa kushoto, na bando langu ni la usiku. Wiki tatu shingo imepinda kama ya korongo. Kila sentensi naitafutia ushahidi, nikikosa naifuta mwenyewe kwa mkono wangu. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii, isomeni:

"Grand Theft Auto: San Andreas ni mchezo wa video wa matukio na mapambano wa mwaka 2004, uliotengenezwa na Rockstar North na kuchapishwa na Rockstar Games, ukianzia kwenye PlayStation 2."

Mtu ambaye hajawahi kushika pedi maishani akiisoma hiyo anajua ni gemu la aina gani, la lini, la nani, linachezwa kwenye mashine gani. Aya ya pili inamwambia hadithi iko wapi: jimbo la kubuni lililofuata sura ya California na Nevada, lenye Los Santos, San Fierro na Las Venturas. Aya ya tatu, lilipokelewaje. Kazi ya utangulizi ni hiyo tu, wakuu. Kumkaribisha mgeni sebuleni, umwonyeshe na kiti.

Sasa someni wa kwake:

"San Andreas ndilo baba lao la magemu yote, halijawahi kutokea na halitatokea. Mhusika ni CJ, mwamba aliyetoka jela kuja kulipiza kisasi."

Jela! CJ katoka jela lini? Katoka Liberty City alikokaa miaka mitano, karudi Los Santos mwaka 1992 kwa sababu mama yake kauawa. Gemu linaanza yuko uwanja wa ndege! Hata aliyekuwa anachungulia dirishani kwenye kibanda cha gemu kwa kukosa hela alimwona! Wafungwa siku hizi wanarudi nyumbani kwa ndege? Na chanzo cha hiyo jela ni kipi? Kila mtu anajua!

Mwaka 2005 kulitokea ule mkasa wa tukio la ngono lililofichwa ndani ya gemu, watu wakaligundua, na mwezi Julai bodi ya madaraja ya Marekani, ESRB, ikalipandisha gemu hadi daraja la watu wazima peke yao. Niliyaandika hayo kwa sentensi mbili. Sikulaani, sikutetea, nilisema kilichotokea na nani aliamua. Kafuta. Anasema namchafua CJ. CJ hayupo duniani! Hana hata ndugu wa kulalamika!

Na msidhani mimi silipendi gemu hili. Nimelicheza kwa hela ya maandazi ya shule, nikashinda na njaa mpaka jioni, nikarudi nyumbani nikachapwa, na kesho yake nikaenda tena. Nalipenda kuliko yeye. Lakini kwenye utangulizi sikuandika "bora" wala "tamu" wala "baba lao", kwa sababu msomaji hajaja kuusikiliza moyo wangu. Niliandika kwamba kwenye Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wahakiki, toleo la PlayStation 2 lina alama 95 kati ya 100, na kwamba ndilo lililouzwa kuliko yote kwenye mashine ile, nakala zaidi ya milioni 17. Hapo sijasifu, nimemwachia msomaji afungue mdomo mwenyewe. Kuna sifa gani kubwa kuliko hiyo?

Maelezo aliyoacha kwenye historia ya ukurasa: "nimeongeza ladha, lilikuwa kama tangazo la msiba".

Wiki tatu. Tangazo la msiba. Kila mtu anajua. Leo silali.

Sato wa Moto

Uzi mrefu kuliko gemu lenyewe. Kwani kaongopa? San Andreas ni baba lao, kila mtu anajua.

Mtoto wa Mabatini

@Sato wa Moto wewe ndiye yeye. Huyo "kila mtu" ni nani? Bibi yangu Sengerema anajua? Fundi baiskeli wa Ukerewe anajua? Ukurasa unaandikiwa asiyejua! Anayejua anaufuata wa nini?

Konda Mstaafu

Nimeweka kambi hapa, nimekuja na kahawa na kashata.

Mama wa Igogo

Mwanangu Mabatini, umekula lakini?

Mtoto wa Mabatini

Shikamoo mama. Sijala. Chakula hakipiti, kinakutana na "kila mtu anajua" kooni.

Mvuvi Bila Nyavu

Yule jamaa hata mimi kanifanyia! Kwenye Pro Evolution Soccer (PES), lile gemu la mpira, kaandika limetengenezwa na EA. Gemu la Konami, toka enzi tunaliita Winning Eleven, leo anawapa EA! Ni sawa na kuandika Simba na Yanga ni timu moja. Nikarekebisha, akarudisha. Nikarekebisha, akarudisha. Mara ya tatu mke wangu akaniuliza nachati na nani usiku huo.

Kirumba Finest

PES lilishakufa, hata jina walilitupa mwaka 2021. Tuacheni na FIFA letu.

Mvuvi Bila Nyavu

@Kirumba Finest FIFA lipi? Toka 2023 linaitwa EA Sports FC. Msiba uko kwako, unacheka matanga ya jirani.

Mtoto wa Mabatini

Jamani turudi kwenye mada. Tanbihi. Kaandika kwenye TANBIHI.

Mwalimu wa Zamu

Nimekwenda kusoma historia ya ukurasa kabla ya kusema. Mabatini una haki, ile "jela" ni aibu, nimeshaiondoa. Lakini na wewe nikuulize, chanzo chako cha pili si tangazo la kampuni yenyewe? Mchapishaji kulisifu gemu lake ni muuza samaki kukwambia sato wake hanuki. Lazima umnuse mwenyewe, au umuulize aliyemla jana.

Mtoto wa Mabatini

Mwalimu, lile nililitumia kwa tarehe tu, 26 Oktoba 2004. Tarehe ya kutoka gemu nani aijue kuliko aliyelitoa? Sifa zote nimezichukua kwa wahakiki wa nje, na kila mmoja nimemtaja kwa jina, kwamba fulani kasema hivi. Sijaandika "wengi wanasema". Hao "wengi wanasema" ni ndugu wa damu na "kila mtu anajua".

Mwalimu wa Zamu

Kwa tarehe sawa, nimekubali. Ila aya ya tatu punguza, una tarakimu nyingi kama risiti.

Jiwe la Kati

Hili la kutia chumvi haliko kwenye magemu peke yake. Kuna mahali nimesoma Daraja la Kigongo–Busisi eti ni refu kuliko yote Afrika. Daraja letu ni kama kilomita 3, la Oktoba 6 kule Cairo lina kilomita 20! Kwani kilomita 3 juu ya ziwa hazitoshi mpaka uongope? Mimi niliyelala kwenye foleni ya kivuko na ndizi zinaivia kwenye gari, nikiambiwa "kilomita 3" tu machozi yananitoka.

Konda Mstaafu

@Jiwe la Kati foleni ile usinikumbushe. Niliwahi kufika ng'ambo harusi imeshaisha, bwana harusi ananipungia mkono anaondoka.

Dogo wa Buhongwa

Samahanini wakuu, kwa kuwa uzi ni wa San Andreas, mwenye kodi zake, zile siri za kubonyeza vitufe, anisaidie. Ile ya pesa na uzima, inaanza R1, R2, L1, X halafu mishale nimeisahau.

Sato wa Moto

Kushoto, chini, kulia, juu, unarudia mara mbili. Kila mtu anajua 😂😂

Mtoto wa Mabatini

@Sato wa Moto NIMEKWAMBIA WEWE NDIYE YEYE. Modi, angalieni huyu!

Binti Nyegezi

Nyie mnaosema kodi mmenitonesha kidonda. Mwenye nyumba wangu kaja asubuhi saa 12, mimi na mswaki mdomoni, kodi imepanda na anataka ya miezi 6 kwa mkupuo. Namuuliza kwa nini, ananijibu maisha yamepanda, kwani hujui? Bomba lenyewe linatoa maji Jumanne na Ijumaa, tena linakohoa kwanza.

Mama wa Igogo

Pole mwanangu. Wangu mimi kafuga mbuzi watatu uani, wamekula kanga yangu mpya ikiwa kambani. Nimemwambia, kaniuliza niliianika ya nini chini.

Mtoto wa Mabatini

Wakuu amerudisha tena!! Sasa hivi!! "Jela" imerudi na "kila mtu anajua" imerudi, safari hii kaiweka mara mbili!

Kirumba Finest

@Mama wa Igogo mbuzi wakila kanga kisheria analipa mwenye mbuzi. Ila mwenye mbuzi akiwa ndiye mwenye nyumba, hapo sijui.

Konda Mstaafu

Wenye nyumba wa Mwanza wana chama chao, haiwezekani wote wapandishe mwezi mmoja.

Mvuvi Bila Nyavu

@Binti Nyegezi ni Nyegezi ipi, huko juu au karibu na stendi? Natafuta chumba, kiwe na luku yake tu.