Duka la kona au supamaketi ya matawi: nyinyi wa Goma mnanunua wapi?

Mwalimu_Katindo

Habari zenu, ndugu zangu. Tangu supamaketi moja yenye matawi ifungue mlango kwenye barabara yetu ya Katindo, nyumbani kwetu haipiti Jumamosi bila mabishano. Baba watoto anataka tuhamie huko kabisa: bei imebandikwa, kila kitu kina tarehe, unalipa unaondoka. Mimi nimenunua kwa papa, yule mzee wa duka la kona, miaka 11. Ili tuache kubishana kwa maneno matupu, nilichukua daftari la kurasa 48 nikaandika kila kilichoingia jikoni kwa wiki sita, tatu kule na tatu huku. Nawawekea nilichokiona.

Vitu vya chupa na pakiti, supamaketi inashinda. Mafuta ya lita tano, maziwa ya unga, sabuni ya kufulia, pampasi: karibu kila mara walikuwa chini kwa faranga 200, 300, hata 500. Kwa pampasi peke yake niliokoa pesa ya makala (mkaa) ya siku nne.

Vitu vya kupima, hapo mambo yaligeuka. Papa anapima maharage kwa kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto. Analijaza mpaka linafanya kilima, kisha anaongeza kiganja kimoja juu, na zile punje zinazomwagika mezani anazikusanya anazitia kwenye mfuko wangu. Supamaketi wanauza kwa gramu, mfuko umeshafungwa, huwezi hata kunusa kama maharage ni ya mwaka huu. Nilipopika, ya kule yalikula makala mara mbili. Fromaji (jibini) ya Masisi vilevile: kule wanakupa kipande kilichofungwa plastiki, kwa papa unaonyesha kwa kidole pale unapotaka kisu kipite.

Kilichonifanya niandike hapa lakini ni wiki ya nne. Mnajua hali yetu tangu benki zifungwe Januari 2025. Mshahara wangu unapita kwenye simu, na siku hiyo ulikuwa haujaingia wote. Nilifika kwenye kesi ya supamaketi, pale pa kulipia, na mkate, sukari, maziwa na mafuta. Pesa ya simu ikagoma. Nikajaribu tena, ikazunguka tu. Nyuma yangu foleni. Binti wa kesi alikuwa na adabu, aliniambia pole mama, lakini hakuwa na la kufanya. Nikarudisha vitu vyangu kimoja kimoja kwenye rafu, mwanangu wa miaka sita akinifuata, ananiuliza kwa nini tunapanga vitu vya watu.

Tukaenda kwa papa. Alikuwa ameshafunga mlango, anauzia dirishani kwenye vyuma. Akanipitishia vitu vilevile vinne, akavuta daftari lake lililofungwa mpira, akaandika. Kwake mimi ni «Mama Mwalimu», ukurasa wangu una pembe iliyokunjwa.

Sasa sikilizeni, maana nataka kusema kweli yote. Juzi nililinganisha daftari langu na lake. Sukari ambayo nikilipa papo hapo ni faranga 3,500, kwenye deni iko 3,800. Mafuta hivyo hivyo. Sikuwahi kuuliza, kwa miaka 11, kwa sababu anayekopa anaona haya kuuliza bei. Nilivunjika moyo kidogo. Je, ananiibia, au ndivyo inavyokwenda?

Baba_wa_Pacha

Dada, mimi nilihamia supamaketi mwaka jana na sirudi. Niliwanunulia watoto yogati kwenye duka la jirani, umeme ulikuwa umekatika siku mbili na friji lake linazimika nao. Usiku mzima watoto walitapika. Nilipomrudia jirani akaniambia mbona wengine wamekula. Hakusema hata pole. Kule wana jenereta, na ukikuta tarehe imepita unawaonyesha wanaiondoa mbele yako. Kwa mtu mwenye watoto wadogo, hilo linatosha.

Kesi_ya_Tatu

Mimi ni mmoja wa hao mabinti wa kesi, si kwenye tawi la Katindo lakini kazi ni ileile. Mama Mwalimu, pole sana, na naomba ujue kwamba tunaumia. Kila wiki naona kapu linaachwa.

Niwaeleze mambo mawili ambayo wateja hawayaoni. Jioni tunahesabu pesa ya kesi, na ikipungua ni mshahara wangu unakatwa. Kwa hiyo hata nikikufahamu, hata ukiwa mwalimu wa mdogo wangu, siwezi kukuachia mkate wa jioni ulipe kesho. La pili ni noti. Mnatugombeza tunapokataa noti zilizochanika au zilizobandikwa gundi. Tumeagizwa hivyo, kwa sababu wanaotuletea mzigo nao wanazikataa. Noti mpya haziingii mjini, hizi hizi ndizo zinazozunguka mpaka zinaoza mikononi mwetu.

Lakini mseme pia mema. Mimi nina mkataba, nina siku ya kupumzika, na tawi letu limechukua vijana wa kartie (mtaa) hii hii. Duka la kona linaajiri nani? Mtoto wa shangazi, analala chini ya meza, analipwa chakula.

Duka_Ndosho

Mama Mwalimu, mimi ni mwenye duka, si yule wa kwako, na nimesoma maneno yako mara tatu. Niache nikujibu kwa urefu, kwa sababu swali lako ni la haki.

Gunia la sukari la kilo 50 nalinunua depo (ghala la jumla) ya Birere kwa pesa mkononi. Hawanikopeshi. Nalipa motari, mwenye pikipiki, analipandisha mpaka Ndosho. Likiuzwa lote taslimu, baada ya siku sita au saba narudi Birere na pesa kamili na faida kidogo. Likitoka nusu kwa deni, nasubiri mwisho wa mwezi. Depo inahesabu kwa dola, mimi nauza kwa faranga. Dola ikipanda katikati ya mwezi, zile 3,500 utakazoniletea haziwezi tena kununua kilo ileile. Zile 300 ni za hapo. Na ni za wale wasiorudi.

Maana wapo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, nilifunga duka nikaondoka na daftari ndani ya shati. Wateja wangu walitawanyika Sake, Minova, wengine Gisenyi, Rwanda. Tulipokusanyika tena, niliokuwa nawadai ni watu 38. Waliokuja wenyewe kulipa ni 31. Mama mmoja alifika kabla hata sijafagia majivu, akaniambia papa, futa jina langu kwanza ndipo ufagie. Saba sijawaona mpaka leo, na sijui kama wote wako hai, kwa hiyo siwasemi vibaya.

Kwa hiyo hakuibii. Lakini alipaswa kukuambia. Hapo namlaumu, na najilaumu mimi mwenyewe, kwa sababu nafanya hivyo hivyo. Tunaandika bei ya deni bila kuitamka, na mteja hana uso wa kuuliza.

Kuhusu bei ya pakiti, siwezi kushindana, nisidanganye. Wenye matawi wanaagiza kontena kupitia Mombasa au Dar es Salaam na kuligawa kwenye maduka yao. Kontena langu limepita mikono mitatu kabla halijanifikia kama katoni moja. Ninachoweza mimi ni kukata. Nusu ya kipande cha sabuni, mafuta ya kikombe, sukari ya chai ya leo. Mtu aliyepata faranga 2,000 kwa kutwa nzima hana la kufanya mbele ya chupa ya lita tano, hata kama kwa lita ni rahisi.

Na wewe binti wa kesi, mtoto wa shangazi yangu hana mkataba, umesema kweli. Halali chini ya meza, ila mshahara wake si mshahara. Nimelisikia.

Mzee_wa_Birere

Watoto wangu, nawasalimu. Mnavyoongea kama vile maduka makubwa ni jambo jipya, nimekumbuka ujana.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule Rais Mobutu alipotangaza, tarehe 30 Novemba 1973, kwamba biashara za wageni zichukuliwe na raia. Nchi nzima, maduka ya Wagiriki, Wareno, Wahindi, yakapewa watu ambao wengi wao hawakuwahi kupima hata chumvi. Waliuza mzigo waliokuta, na mzigo ulipokwisha hawakujua uliagizwa kwa nani. Baba yangu alikuwa akinituma mafuta ya taa, narudi na chupa tupu. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe. Biashara ndogo ya rejareja imeendelea kulindwa, ordonansi (sheria) ya tarehe 8 Agosti 1990 inaihifadhi kwa Wakongomani. Lakini sheria haijazi rafu. Rafu inajazwa na anayejua bei ya depo na uso wa mteja.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipopita katikati ya mji, duka kubwa na duka dogo yaliungua pamoja. Mawe yalikuwa bado yanatoa joto kwenye kandambili, nikamwona mama mmoja ameweka meza juu yake, anauza sigara, mishumaa na biskuti. Wenye maduka makubwa walirudi baadaye, na walirudi vizuri, siwapunguzii heshima. Lakini siku zile za kwanza tulikula kwa meza.

Nilikuwa_Nairobi

Shikamoo mzee. Nami niongeze la Kenya, niliishi huko. Nakumatt ilikuwa ndiyo supamaketi, jina lake lilitokana na duka la magodoro la Nakuru, na ilifika Uganda, Tanzania na Rwanda. Tulidhani haiwezi kuanguka. Kisha rafu zikaanza kuwa na kitu kimoja kilichopangwa safu nzima ili zisionekane tupu, maana waleta mzigo hawakulipwa. Madeni yalipita shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ifungwe. Walioumia sana ni wakulima wa maziwa na mboga waliokuwa wamemuuzia mnunuzi mmoja tu.

Kwa hiyo tusimtazame mnunuzi tu. Wale wamama wanaovuka barieri ndogo ya mpakani kutoka Gisenyi na trei za mayai kichwani wanauzia maduka ya kona. Maduka yakifa, wao wauze wapi? Supamaketi inataka fakture (ankara) na mzigo wa kila wiki bila kukosa.

Yaya_Nyawera

Mimi niko Bukavu, naandika kwa haraka. Huku kwetu batu bane benye maduka kwa avenyu moja balianza kuchanga pesa, banatuma mutu mumoja depo, banachukua katoni mingi kwa bei ya jumla, banagawana. Pampasi ilishuka. Haikufika ya supamaketi lakini ilikaribia. Shida ilikuwa paka moya (moja tu): nani atakamata pesa. Balibadilishana, kila wiki mutu mwingine, sawa likelemba, ule muchezo wa kupokezana pesa.

Baba_wa_Pacha

Papa wa Ndosho, nimesoma jibu lako kwa mwalimu, nimelikubali. Jirani yangu angeniongelesha hivyo ningebaki kwake. Si yogati iliyoniondoa, nasema sasa. Ni kule kukosa pole.

Mwalimu_Katindo

Asanteni wote. Shikamoo mzee wetu wa Birere, nimewasomea wanafunzi wangu wa darasa la sita sehemu ya ile meza juu ya lava, bila kutaja ulikotoka.

Leo asubuhi nilikwenda kwa papa na daftari zote mbili. Nilimwonyesha 3,500 na 3,800. Alikaa kimya, akafuta mikono kwenye suruali, akaniambia: «Mama Mwalimu, nilijua utaiona, wewe unasahihisha mitihani.» Kisha akanieleza karibu sawasawa na Papa wa Ndosho, dola, depo, waliokwenda. Tumekubaliana aandike bei mbili wazi kwenye ukurasa wangu, ya leo na ya mwisho wa mwezi, ili nichague nikijua.

Nyumbani tumeamua hivi: pampasi, maziwa ya unga na mafuta ya lita tano tutachukua supamaketi siku mshahara ukiingia, mara moja kwa mwezi. Maharage, unga, fromaji, mayai na mkate wa kila siku, kwa papa, na taslimu kila inapowezekana, ili deni libaki la siku ngumu. Baba watoto amekubali. Alichoomba ni sukari ipimwe kwa mizani, siyo kwa kopo.

Duka_Ndosho

Hilo la mizani limenigusa. Nimekata karatasi za boksi, tangu jana naandika bei kwenye rafu, zote mbili, kwa kalamu nyekundu na ya buluu. Wateja wanasimama wanasoma, wengine wananiuliza maswali ambayo hawakuwahi kuniuliza. Nataka na mizani ya kilo 10, ile ya sahani, isiyohitaji betri. Nani anajua inapouzwa kwa bei nzuri?

Mzee_wa_Birere

Njoo Birere asubuhi, kabla ya saa tatu, upande wa wanaouza masufuria. Usinunue ya kwanza. Weka mfuko wa chumvi ambao hujafunguliwa, wa kilo moja, kwenye kila mizani, uone sindano inasimama wapi. Ukikwama niulizie kwa wauza masufuria, wananifahamu.

Kesi_ya_Tatu

Papa wa Ndosho, na yule mtoto wa shangazi mfundishe kuisoma hiyo mizani. Kwetu nilianzia hapo hapo.