Antigone: maneno ya mwisho yanaivunja tanzia au yanaibeba?

Mleta mada:
Wadau, nimeirudia Antigone, tanzia (tamthilia yenye mwisho wa huzuni) ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, iliyochezwa Athens takriban mwaka 441 KK, na kuna jambo linanisumbua. Ndugu wawili wameuana langoni mwa Thebes wakigombea ufalme. Mfalme Creon anaamuru mmoja azikwe kwa heshima, mwingine, Polynices, aachiwe ndege na mbwa. Dada yao Antigone anamzika, anakamatwa.

Uzuri wake hauna ubishi. Askari anasimulia walivyoipangusa vumbi maiti iliyokwisha anza kuoza, wakaketi kilimani upande ambao harufu haiwafikii. Saa ya jua la utosi kikapita kimbunga cha vumbi. Kilipotulia wakamwona binti akilia kama ndege aliyekuta kiota kitupu, kisha akimimina tambiko mara tatu kutoka kwenye mtungi wa shaba. Yote hayo hayachezwi jukwaani, tunasimuliwa tu, na bado unayaona.

Lakini anapopelekwa kuzikwa hai pangoni, Antigone anasema kwamba kwa mume au mtoto asingefanya hivyo. Mume hupatikana mwingine, mtoto huzaliwa mwingine, ila wazazi wakishakufa kaka hapatikani tena. Huyu ndiye aliyemwambia Creon kuwa sheria za miungu hazikuandikwa na ni za milele! Sheria gani hiyo inayomhusu kaka peke yake? Mwaka 1827 Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alisema anatamani mtaalamu athibitishe kuwa mistari hiyo si ya Sophocles. Nipo naye.

Mchangiaji:
Mkuu, hapo sikuungi mkono. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliinukuu mistari hiyo karne moja hivi baadaye, wala hakuitilia shaka. Mtu anayeelekea kaburini mwake unamtaka apange hoja kama wakili? Mwanzoni alikuwa anamjibu mfalme, sasa anamlilia kaka. Nilipofiwa na kaka yangu nilisema mengi yasiyoshikana, na sijawahi kusema kweli kuliko siku ile.

Udhaifu nauona kwingine. Mwaguzi Tiresias akishamtisha Creon, wazee wanamshauri amfungue binti kwanza, ndipo azike maiti. Yeye anaanza na maiti, anafika pangoni binti keshajinyonga. Kwa nini? Hatuambiwi.

Mleta mada:
Pole sana, ndugu yangu. Nimeisoma tena mistari ile kwa sauti. Kama kilio imeniingia, kama hoja bado haisimami, na sioni haya kukubali yote mawili.

Hilo la Creon kwangu ni nguvu. Amri yake ilianza na maiti, na hata akitubu anaanza na maiti. Aliye hai anasubiri.

Ila nina deni moja nanyi. Antigone akishatoka, mistari kama 400 iliyobaki ni ya Creon. Mandela alipokuwa mfungwa Robben Island alimwigiza Creon huyohuyo, na bado aliandika kwamba Antigone ndiye aliyebeba mapambano yao. Sasa tanzia hii ni ya nani?