Naomba ushauri: mvumo kwenye spika za gari la kupigia kambi

Wakuu, heshima kwenu. Niko Arusha, nina Land Cruiser niliyoitengeneza ya kulala porini: betri mbili za volti 12, inveta ya kutoa 230, friji, na redio mbele yenye amplifaya nyuma.

Spika zinavuma, na sauti ni mbili tofauti. Injini ikiwa imezimwa na inveta inafanya kazi, kuna "mmmm" nzito isiyobadilika, hata sauti ya redio ikiwa sifuri. Nikizima inveta, inakata hapo hapo. Nikiwasha injini unakuja mwingine, mwembamba kama mluzi. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Huo nadhani ni wa alternata.

Nikichomoa waya za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio) kwenye amplifaya, kimya kabisa. Ndiyo maana nahisi tatizo ni ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Ya redio imefungwa chini ya dashibodi, ya amplifaya kwenye bolti ya kiti cha nyuma, na pale pana rangi na kutu.

Fundi wa mtaa wa Unga Limited anashauri filta kwenye waya wa chanya. Mimi naona tukwangue rangi kwanza, ethi zote ziende sehemu moja. Halafu waya za RCA zimelala sambamba na waya mnene wa betri; nizihamishie upande wa pili?

Na aliyewahi kufunga aizoleta (kifaa cha kutenganisha ethi ya redio na ya amplifaya) kwenye RCA, je, besi haipungui? Mzee wangu anapenda sana taarabu jioni tukiwa kambini, nataka aisikie safi.