Ushauri: Boma limefika linta Kibaha, nataka jiko lisilokula mkaa wala umeme mwingi

mama_wawili
Wakuu salaam. Najenga Kibaha, vyumba vitatu, boma limefika linta (mkanda wa zege juu ya madirisha na milango) na sasa nakusanya hela ya kupaua. Ramani imeweka jiko kona ya magharibi, mita 3 kwa 3.5, dirisha moja la aluminiamu la kusukuma.

Nataka tupike bila mkaa, tusihitaji feni mchana kutwa, na maji ya sinki yasipotee bure wakati mimi nanunua maji ya boza. Nimeshauriwa sola, biogesi na makabati ya kisasa, ila kila mshauri ana kitu anachouza. Nimetenga milioni nne kwa jiko peke yake. Nianzie wapi? Halafu mama mkwe anahamia kwetu, na huyo maharage yasiyopikwa kwa mkaa hayahesabu kuwa yameiva. Nawasilisha.

fundi_wa_mlandizi
Dada, anzia kwenye kuta, leo, kabla ya kupaua. Ukishapiga lipu kila tundu linakuwa gharama.

Dirisha la kusukuma hata ukilifungua lote, nusu yake ni kioo bado. Weka madirisha mawili kwenye kuta mbili tofauti, ya kufunguka kwa bawaba, na juu karibu na dari acha safu ya tofali za matundu zenye wavu wa mbu. Joto la jiko linapanda, lipe pa kutokea.

Kuhusu magharibi, mchora ramani usimlaumu haraka. Huku Pwani kusi inatoka kusini-mashariki, kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka upepo unaingilia mashariki. Jiko likiwa magharibi harufu ya dagaa inaishia nje, haipiti sebuleni. Ubaya wake ni jua la saa kumi, ambalo liko chini na paa la kawaida halilizuii. Vuta paa upande huo upate kibaraza cha mita mbili hivi, mbele yake otesha mti wa kivuli. Hapo kwenye kibaraza mama mkwe atakaa na jiko lake bila moshi kuingia ndani.

Kiguu_na_njia
Mnamzungusha bure. Anunue mtungi wa gesi wa kilo 15, amalize. Mazingira mazingira, umeme wenyewe ukikatika saa moja jioni mtakula upepo?

luku_haishi
@Kiguu_na_njia gesi aiweke, hakuna aliyekataa. Lakini kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu, jiko la presha la umeme halina mpinzani. Nusu kilo ya maharage haifiki nusu uniti. Kwa sisi tusio kwenye kundi la bei nafuu, la wale wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, uniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Yaani sufuria ya maharage haifiki shilingi 200. Linganisha na mkaa wa kopo.

@mama_wawili kabla ya kununua jiko la umeme la kioo, uliza ni la aina gani. Yale ya sumaku hayashiki sufuria zetu za aluminiamu, yanataka chombo chenye kitako cha chuma. Watu wananunua, wanafika nyumbani, jiko linalia tu halipati moto. Jiko la presha linakuja na sufuria yake ya ndani.

Mwambie fundi umeme jiko lipate laini yake kutoka kwenye ubao wa swichi, isichangie na taa za sebuleni, na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) iwe ya kweli. Soketi ziwe juu ya kaunta, mbali na sinki. Mambo ya ekstensheni chini ya meza ndiyo yanayounguza nyumba.

shamba_la_nyuma
Biogesi sahau, kama huna ng'ombe wawili wa ndani. Mtambo unataka samadi kila siku, na maganda ya ndizi ya familia moja hayautoshi.

Maji ndiyo utajiri wako. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Pwani tunapata karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Bati lako likifunika mita za mraba 100, hata ukipoteza robo kwa kumwagika na kuosha paa, zinabaki lita 75,000. Bomba la mvua na simtanki ya lita 5,000 viingie kwenye bajeti ya kupaua, siyo ya jiko.

Maji ya sinki yapitie kwanza chemba ndogo ya kukamata mafuta, kisha yaende kwenye shimo la migomba lililojazwa majani. Mchicha usiupe maji hayo. Migomba na mipapai haina shida. Chemba uisafishe mara kwa mara, ikijaa mafuta utaijua kwa pua kabla ya macho.

mama_wawili
Asanteni sana jamani. Kwa hiyo milioni nne yangu iende wapi? Makabati ya MDF (zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) nimepewa bei ya milioni tatu na nusu.

fundi_wa_mlandizi
Usitoe hiyo. MDF ikilowa chini ya sinki inavimba kama andazi, na hairekebishiki. Jenga mashelfu ya zege chini, juu kaunta ya terazo (saruji yenye vipande vya mawe) inayosuguliwa hapo hapo, milango tu iwe ya mbao. Mninga ni mzuri lakini unatoka misitu ya asili na unakua taratibu mno. Chukua mtiki wa mashamba ya kupandwa kama ya Muheza, au paini iliyotiwa dawa ukitaka nafuu. Linganisha bei ya hayo na ya MDF kabla hujatoa hela.

Mtungi wa gesi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu CHINI, usawa wa sakafu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. Matundu ya juu peke yake hayaitoi.

mama_wawili
Hiyo ya gesi sikuijua kabisa. Kibaraza nimekipitisha, mume ameshakubali. La mwisho: friji nilitaka niliweke pembeni ya jiko la gesi, ukuta wa magharibi.

luku_haishi
Lihamishie ukuta wa ndani. Hapo litapigwa na jua nyuma na moto ubavuni, mota haitapumzika. Liache mbali kidogo na ukuta lipumue. Na kama ni la mtumba, soma kwenye kibandiko cha nyuma linakula umeme kiasi gani kabla hujatoa hela.